CHANDRASEKHARA RAMAN: MHASIBU ALIYEUONA MWANGA UKILIPA NAULI

Kurasa za wasifu katika majarida ya shule mara nyingi huwa za waandishi na viongozi. Safari hii tumebisha hodi kwa mwanasayansi. Tafadhali usigeuze ukurasa! Najua wapo watakaouliza Chama cha Kiswahili kina uhusiano gani na fizikia. Jibu ni rahisi: Kiswahili ni lugha ya kueleza kila kitu kilicho chini ya jua, na hata mwanga wa jua lenyewe.

Mtu wetu ni Chandrasekhara Venkata Raman wa India. Alifariki mwaka wa 1970, lakini jina lake hutajwa kila siku katika maabara za dunia nzima. Nimemchagua kwa sababu hapa kwetu Makadara, kuanzia Makongeni hadi Jericho, kuanzia Maringo hadi Hamza, utasikia kijana akisema kwamba sayansi ni ya watu wa ng'ambo wenye mashine za mamilioni. Ati sisi tukariri tu vitabu, tupite mtihani, yaishe. Raman alikuwa mhasibu wa serikali katika nchi iliyotawaliwa na Mwingereza kama yetu ilivyotawaliwa. Ugunduzi wake mkubwa aliufanya kwa jua, lenzi, vipande vya kioo cha rangi na macho yake mwenyewe. Lakini pia kuna siku aliyomfungia mtu mwingine mlango wa elimu, na hilo nalo tutalisema. Kumsifu mtu si kumpaka rangi.

KUZALIWA NA MASOMO

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 katika mji wa Tiruchirappalli, kusini mwa India. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wanane. Baba yake alikuwa mwalimu, na mwaka wa 1892 akapata kazi ya kufundisha hisabati na fizikia katika chuo kimoja cha mji wa Visakhapatnam, kando ya bahari. Mali haikuwa nyingi nyumbani, ila vitabu vilikuwapo, na baba alipenda kucheza fidla. Vitabu na nyuzi za fidla, vyote viwili, vilimwingia mtoto damuni.

Alikuwa mwepesi wa masomo ajabu. Alimaliza mtihani wa shule ya upili akiwa na umri wa miaka 11, umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunahangaika na sehemu na desimali. Mwaka wa 1904 alipata shahada ya kwanza katika Chuo cha Presidency, Madras, akiwa wa kwanza na kutunukiwa nishani ya dhahabu ya fizikia. Mwaka wa 1906, akiwa bado mwanafunzi, makala yake ya kwanza juu ya tabia ya mwanga ilichapishwa katika jarida la kisayansi kule Uingereza. Mwaka uliofuata akapata shahada ya pili.

Wakati huo Mhindi aliyetaka kuwa mwanasayansi alitakiwa kwenda Uingereza. Raman alipopelekwa kwa daktari kupimwa, daktari akasema mwili wake ni dhaifu, baridi ya huko haitamwacha. Mlango ukafungwa. Kwa hivyo alifanya mtihani wa kuingia Idara ya Fedha ya serikali ya kikoloni, akawa wa kwanza tena. Mwaka huo huo wa 1907 akamwoa Lokasundari, na wawili hao wakasafiri hadi Calcutta, ambako alianza kazi ya Mhasibu Mkuu Msaidizi. Alikuwa na umri wa miaka 18.

MLANGO WA BOW BAZAR

Hapo ndipo wengine wangesema basi, kazi nimepata, mshahara upo, na sayansi niwaachie wenyewe. Raman hakusema hivyo. Inasimuliwa kwamba siku moja akiwa ndani ya tramu aliona kibao katika barabara ya Bow Bazar kikitaja chama cha Wahindi cha kukuza sayansi. Akashuka, akabisha hodi. Chama hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka wa 1876 na daktari mmoja mzalendo, Mahendra Lal Sircar, kwa michango ya Wahindi wenyewe. Kilikuwa na ukumbi na maabara, lakini watu wa kuitumia maabara hiyo walikuwa haba. Aliyemfungulia mlango, Ashutosh Dey, baadaye akawa msaidizi wake kwa miaka mingi.

Tangu siku hiyo ratiba yake ikawa ya kutisha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko maabarani. Saa nne kasorobo anakimbia nyumbani, anaoga, anakula haraka haraka, anakwenda ofisini. Saa kumi na moja jioni anatoka ofisini na kurudi maabarani moja kwa moja hadi saa tatu na nusu au saa nne usiku. Jumapili ndiyo kabisa, alishinda huko. Mwajiri wake alimpa uhamisho pia. Mwaka wa 1909 alipelekwa Rangoon, Burma (jina ambalo sisi wa Eastlands tunalijua kwa soko la nyama), na mwaka wa 1910 Nagpur. Huko hapakuwa na maabara ya Bow Bazar, naye akageuza nyumba yake kuwa maabara. Mwaka wa 1911 akarudishwa Calcutta.

Alianza na kile alichokuwa nacho, yaani muziki. Alichunguza jinsi nyuzi za fidla zinavyotikisika. Alichunguza pia ngoma za Kihindi, tabla na mridangam, akaonyesha kwamba ule mchanganyiko mweusi unaopakwa katikati ya ngozi unaifanya ngoma itoe sauti zinazopatana kama za nyuzi, jambo ambalo ngoma ya kawaida haliwezi. Msomaji, shika neno hilo kutikisika. Litaturudia.

Mwaka wa 1917 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa kiti cha uprofesa wa fizikia. Palikuwa na vikwazo viwili. Kwanza, masharti ya kiti hicho yalidai profesa awe amesomea ng'ambo. Raman akakataa kwenda kupikwa upya nje, na Asutosh Mookerjee akaona heri sharti lilegezwe kuliko mtu kupotea. Pili, mshahara wa profesa ulikuwa karibu nusu ya ule wa mhasibu. Raman akaukubali. Fikiria jinsi majirani walivyomshangaa: mtu ana kazi nono ya serikali, anaiacha aende kuangalia mwanga!

RANGI YA BAHARI

Mwaka wa 1921 Raman alisafiri ng'ambo kwa mara ya kwanza, kuhudhuria mkutano wa vyuo vikuu huko Oxford. Katika safari ya kurudi, ndani ya meli iliyoitwa Narkunda, alisimama akaitazama Bahari ya Mediterania na kuustaajabia ubuluu wake.

Kwa nini bahari ni buluu? Yeyote aliyewahi kufika Mombasa amejiuliza. Mwingereza Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa aliyeeleza kwa nini mbingu ni buluu, alikuwa amesema kwamba rangi ya bahari ni mbingu tu inayojiona kwenye maji kama kwenye kioo. Rayleigh alikuwa na Tuzo ya Nobel. Nani angembishia?

Raman alikuwa na kipande kidogo cha fuwele mfukoni ambacho, kikishikwa kwa pembe fulani, huzuia mwanga unaorudishwa na uso wa maji. Akakitumia kuiondoa picha ya mbingu. Lo! Bahari haikupoteza rangi yake, bali ilizidi kuwa buluu. Maana yake ubuluu ulitoka ndani ya maji yenyewe, kwa sababu molekuli za maji huutawanya mwanga. Meli ilipofika Bombay, makala ilikuwa tayari kutumwa kwa jarida la Nature huko London. Raman hakumdharau Rayleigh. Alifanya tu jambo ambalo wengi hawakulifanya: alitazama mwenyewe.

MWANGA UNALIPA NAULI

Kwa miaka saba iliyofuata yeye na wanafunzi wake waliutazama mwanga ukipita katika vimiminika. Mwaka wa 1923 mwanafunzi wake Ramanathan aliona alama hafifu ya rangi isiyotarajiwa. Wakadhani ni uchafu ndani ya kimiminika. Wakakisafisha, wakakisafisha tena, alama ikabaki pale pale. Mwishoni mwa 1927 Venkateswaran akaona gliserini safi ikitoa mwanga wa kijani-kijani badala ya buluu. Mapema mwaka wa 1928 Raman akamrudisha maabarani mwanafunzi wake hodari, K. S. Krishnan, wakaanza kazi hiyo upya, kimiminika baada ya kimiminika.

Njia yao inaeleweka hata na mtoto wa darasa la sita. Walikusanya mwanga wa jua kwa lenzi ya darubini yenye upana wa sentimita 18 hivi. Wakaupitisha katika kioo cha rangi kinachoruhusu buluu na urujuani peke yake. Mwanga huo ukaingia katika chupa ya kimiminika safi. Upande wa kutazamia wakaweka kioo cha pili kinachozuia kabisa buluu na kuruhusu manjano na kijani. Kama mwanga haubadiliki rangi ndani ya chupa, jicho lisingeona chochote ila giza. Lakini waliona mwanga! Ulikuwa hafifu, ila ulikuwapo, katika vimiminika takriban 60. Tarehe 28 Februari 1928 waliupitisha katika spektroskopu, chombo kinachotenganisha rangi, wakathibitisha kwamba ile rangi mpya imesimama peke yake, kando na ile ya mwanzo. Baadaye taa ya zebaki ilichukua nafasi ya jua, na rangi mpya zikaonekana kama mistari iliyochorwa kwa rula.

Sasa tuelezane kimtaani. Chukua mwale wa mwanga kuwa ni abiria anayetoka nyumbani na shilingi 200 kamili. Anaingia katika msongamano wa molekuli kama anayeingia Jogoo Road asubuhi. Walio wengi husukumwa huku na huku, wakabadilishwa njia, lakini hutoka na shilingi zile zile 200. Huo ndio mtawanyiko alioueleza Rayleigh. Ila mmoja katika mamilioni hulipa nauli: molekuli humtoza nishati kidogo na kuitumia kutikisika. Naye hutoka akiwa amepungukiwa. Kwa mwanga, kupungukiwa nishati ni kubadilika rangi kuelekea upande wa nyekundu. Wachache zaidi hukutana na molekuli ambayo tayari inatikisika, wakaongezewa badala ya kutozwa.

Uzuri wake ni huu: kila aina ya molekuli ina nauli zake zisizobadilika. Hazipandi hata mvua ikinyesha! Maji yana nauli zao, spiriti ina zake, almasi ina yake. Ukihesabu abiria ametoka na shilingi ngapi, unajua alipanda gari gani. Yaani unaweza kuijua dawa, mafuta au jiwe kwa kuutazama mwanga unaotoka humo. Hiyo ndiyo Athari ya Raman.

Vyombo vyote vya kazi hiyo, inavyosemekana, viligharimu rupia 200 hivi. Mafundi wetu wa jua kali wangesema ni kazi ya mkono na akili.

SIFA NA LAWAMA

Sifa hazikukawia. Mwaka wa 1929 alipewa cheo cha Sir. Mwaka wa 1930 alikuwa na hakika ya Tuzo ya Nobel kiasi kwamba alikata tiketi ya meli ya kwenda Ulaya miezi kadhaa kabla ya tangazo. Kumbe hakukosea! Akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kupata Tuzo ya Nobel ya sayansi. Alipokuwa jukwaani Stockholm, alisimulia baadaye, aligeuka akaona bendera iliyowekwa juu ya kiti chake ni ya Uingereza, kwa maana nchi yake haikuwa na bendera yake. Machozi yakamtoka.

Haki yataka tuseme na mengine. Kule Moscow, Landsberg na Mandelstam walikuwa wameiona athari hiyo hiyo katika fuwele siku chache kabla, tarehe 21 Februari 1928, ila walichelewa kuchapisha. Na Krishnan, ambaye jina lake liko pamoja na la Raman katika barua ya kwanza iliyochapishwa na Nature mwezi wa Machi, hakushirikishwa katika tuzo. Baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya India.

Mwaka wa 1933 Raman alihamia Bangalore kuwa Mhindi wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Sayansi ya India. Mwaka huo huo msichana mmoja, Kamala Bhagwat, ambaye baadaye alijulikana kama Kamala Sohonie, aliomba nafasi. Alikuwa ameongoza katika mtihani wa shahada wa Chuo Kikuu cha Bombay. Raman akamkataa. Sababu? Ni mwanamke.

Hebu tuwaze. Huyu ndiye mtu aliyefungiwa mlango na daktari kwa ajili ya mwili wake. Ndiye aliyelegezewa sharti la uprofesa kwa sababu kuna aliyeona kipaji kabla ya karatasi. Sasa funguo ziko mkononi mwake, naye anamfungia mwingine. Kamala hakwenda nyumbani kulia. Alifunga safari hadi ofisini kwa Raman, akadai sababu, akakataa kuondoka. Mwishowe akakubaliwa kwa majaribio ya mwaka mzima, kwa masharti ambayo mvulana hakuwekewa. Mwaka ulipokwisha, Raman aliona kazi yake, akasalimu amri, na wasichana wakaanza kupokewa. Kamala alikwenda Cambridge, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1939, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa India kuipata katika sayansi. Baadaye alichunguza lishe iliyomo katika utomvu mtamu unaogemwa kwenye miti ya jamii ya mnazi, kitu ambacho Pwani kwetu huitwa tembo tamu. Kile alichotendewa hakukisahau maishani.

Raman alikuwa pia mwingi wa maneno makali, na ugomvi wake na wenzake ulimfanya aache ukurugenzi mwaka wa 1937, ingawa alibaki kuwa profesa hadi 1948. Mwaka huo alianzisha taasisi yake mwenyewe papo hapo Bangalore. Mwaka wa 1954 India huru ilimtunuku nishani yake ya juu kabisa, Bharat Ratna.

LEZA YAJA, RAMAN AZALIWA UPYA

Athari ya Raman ilikuwa na tatizo moja: ni hafifu mno. Abiria wanaolipa nauli ni wachache, na kuwaona kulihitaji subira ya masaa. Kisha mwaka wa 1960 Theodore Maiman, huko California, akawasha leza ya kwanza, taa ambayo mwanga wake wote hutembea kwa hatua moja kama gwaride.

Mwaka wa 1962 wanasayansi wawili wa kampuni aliyofanyia kazi Maiman, Woodbury na Ng, walikuwa wakipitisha mwanga wa leza yao katika kimiminika. Wakaona rangi ya ziada isiyotarajiwa, tena yenye nguvu. Wenzao wakatambua ni nini: ni Raman! Lakini sasa haikuwa hafifu tena. Katika mwanga wa kawaida, ukiongeza taa maradufu unapata Raman maradufu. Ukichora grafu, mstari umenyooka. Kwa leza kali, mstari unapinda na kupaa. Ndiyo maana wataalamu husema athari hizi si za mstari mnyoofu. Sababu yake ni kama makofi ukumbini. Watu wachache wakipiga ovyo ni kelele tu, lakini wakishika mdundo mmoja, mdundo huo huwavuta na wengine, na ukumbi mzima unatikisika. Mwanga uliokwisha kulipa nauli huzifanya molekuli zitikisike kwa pamoja na kuwatoza abiria wanaofuata. Mpiga tabla yeyote angelielewa. Raman alikuwa bado hai wakati huo.

Hatua iliyofuata ilikuwa nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ambazo mwanga husafiri ndani yake. Mwaka wa 1972 maabara za Bell huko Marekani zilionyesha athari hii kali ya Raman ndani ya uzi wa kioo. Leo hutumika katika mitandao mirefu ya mawasiliano kuutia nguvu mwanga uliochoka njiani.

Tena zikaja leza za mapigo mafupi sana, yanayopimwa kwa femtosekunde. Femtosekunde moja kwa sekunde moja ni kama sekunde moja kwa miaka milioni 32 hivi! Pigo la femtosekunde 100, likiwa hewani, lina urefu wa sehemu 3 za 100 za milimita, wembamba kuliko unywele. Katika muda huo molekuli inayotikisika mara trilioni 10 kwa sekunde huwahi kutikisika mara moja tu. Pigo fupi namna hiyo lina rangi nyingi ndani yake kwa pamoja. Mwaka wa 1986 Mitschke na Mollenauer, wa Bell, waligundua jambo la kuchekesha: ndani ya uzi wa kioo, rangi za pigo zenye nishati nyingi hulipa nauli, na rangi zenye nishati ndogo za pigo lile lile huongezeka. Matokeo yake pigo zima huteleza kuelekea nyekundu kadiri linavyosafiri.

Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa silikoni na oksijeni. Wanafunzi wa kemia, kumbukeni kundi la oksijeni katika jedwali la elementi: chini yake kuna salfa, seleniamu na teluriamu. Ukiiondoa oksijeni ukaweka mojawapo ya hizo, pamoja na aseniki au jemaniamu, unapata kioo kiitwacho cha kalkojenaidi. Vioo vingine vya aina hii ni vyeusi kwa macho yetu, huwezi kuviweka dirishani. Lakini atomu zake ni nzito na zimeshikana kwa ulegevu, zinatikisika polepole, kwa hivyo hupitisha miale mirefu iliyo chini ya nyekundu, ambayo jicho halioni na ambayo kioo cha kawaida huizuia. Athari ya Raman ndani yake ina nguvu zaidi ya mara 100 kuliko katika kioo cha kawaida. Vivyo hivyo athari nyingine aliyoianzisha John Kerr wa Glasgow mwaka wa 1875, ile ya kioo kubadili tabia yake kwa nguvu za umeme, na siku hizi kwa nguvu za mwanga wenyewe.

Athari hizo zikishirikiana, pigo fupi la rangi chache huingia katika uzi wa kalkojenaidi na kutoka likiwa limetanda kama upinde wa mvua mpana usioonekana. Mwaka wa 2014 watafiti wa Denmark walitumia uzi usiofika sentimita 10 wakapata miale kuanzia maikromita 1.4 hadi 13.3. Jicho letu huona kuanzia 0.4 hadi 0.7 tu! Katika eneo hilo pana ndimo gesi nyingi na chembe za mwili huacha alama zao, kwa hivyo taa ya namna hii yaweza kusaidia kutambua hewa chafu au ugonjwa.

Usichanganye: nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka wa 2009, TEAMS na SEACOM, zinazotuletea mtandao kwenye rununu, ni za kioo cha kawaida. Kalkojenaidi ni ya kazi maalumu na ya masafa mafupi. Lakini Raman yumo hata hapa Nairobi. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi wanafizikia wametumia leza na athari yake kuichunguza damu, wakitafuta dalili za ugonjwa wa kisukari. Kutoka Makadara hadi huko ni mwendo wa matatu moja na hatua chache kwa miguu.

MWISHO WA SAFARI

Tarehe 2 Oktoba kila mwaka Raman alikuwa akitoa mhadhara wa kumkumbuka Gandhi. Alitoa wa mwisho mwaka wa 1970. Baadaye mwezi huo alianguka maabarani. Alipopata nafuu kidogo hospitalini aliomba arudishwe kwenye taasisi yake, afie kati ya miti na maua. Alifariki tarehe 21 Novemba 1970 akiwa na umri wa miaka 82. Alichomwa katika bustani hiyo kwa desturi ya kwao, na hakujengewa mnara, palipandwa mti. Tangu mwaka wa 1987 India huadhimisha tarehe 28 Februari kuwa Siku ya Taifa ya Sayansi.

Wasomaji wenzangu, tumejifunza nini? Chombo cha bei nafuu si kisingizio. Neno la mkubwa ni la kuheshimiwa, lakini pia ni la kupimwa. Na mwenye funguo akumbuke siku aliyokuwa nje ya mlango. Wasichana wa Makadara wasiambiwe tena kwamba fizikia si yao, na wakiambiwa, wasiondoke mlangoni.

Kabla hujafunga jarida, nina kazi ya nyumbani. Usiku stima zikipotea, na huku kwetu hazikawii kupotea, chukua glasi ndefu ya maji, tia matone machache ya maziwa, ukoroge. Mulika kwa tochi kutoka upande mmoja. Ukitazama kwa ubavu, maji yana ubuluu-buluu. Ukitazama kutoka upande wa pili, tochi yenyewe inaelekea manjano na wekundu. Huo ni mtawanyiko wa Rayleigh, ngazi ya kwanza aliyoikanyaga Raman. Wakikuuliza nyumbani kwa nini unaharibu maziwa ya chai, waite watazame nao.